Karanga za saa kumi jioni na sukari ya asubuhi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 54. Niligundulika na kisukari cha aina ya pili miaka sita iliyopita, natumia metformini asubuhi na jioni, basi. Zamani nikitoka shule saa kumi nilikuwa nanunua maandazi mawili, nakunywa na chai ya maziwa. Sasa maandazi nimeacha, nanunua karanga za kukaanga. Jirani yangu anasema karanga zinashusha sukari, nile na usiku kabla ya kulala ili asubuhi niamke iko chini. Mume wangu anasema zitaninenepesha. Nimekula wiki kadhaa sasa, sukari ya asubuhi bado inacheza kwenye 8. Halafu nikianza kuzitafuna siwezi kuziacha, na ugali wa usiku naula vilevile. Je, niendelee? Na korosho je?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Endelea. Jirani yako amekosea, mume wako amepatia nusu, na hiyo nusu umeitaja mwenyewe uliposema ugali unaula vilevile. Nitaanza na jirani.

Karanga hazishushi sukari. Kazi yake ni kutoipandisha, na hayo ni mambo mawili tofauti. Gramu 30 za karanga, yaani kiganja kimoja kisichorundikwa, zina gramu 7 au 8 za protini, gramu 14 hivi za mafuta, na wanga unaoweza kugeuka sukari mwilini usiozidi gramu 3. Maandazi mawili ya ukubwa wa kawaida yana wanga wa gramu 50 hivi, ukiacha sukari ya kwenye chai. Kwenye kile kipimo cha kasi ya vyakula kupandisha sukari, ambacho glukosi tupu hupewa 100, karanga zipo kwenye 14. Kwa hiyo ulipoacha maandazi ukashika karanga, uliutoa mlima wa saa kumi na moja jioni ukaweka tambarare. Faida ilitoka kwenye andazi ambalo hukulila. Ungeendelea na maandazi yako mawili, halafu ukaongeza karanga juu yake kwa sababu jirani kasema ni dawa, ungekuwa umejiongezea chakula tu.

Hili si la kusema kwa mdomo tu, limepimwa. Mwaka 2011 huko Toronto, Kanada, watafiti walichapisha matokeo ya watu 117 wenye kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilikula gramu 75 za mchanganyiko wa karanga, korosho, lozi na jamaa zake kila siku kwa miezi mitatu. Kundi jingine lilipewa keki ndogo za ngano nzima zenye nishati ileile, na la tatu likapewa nusu kwa nusu. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kwa waliokula gramu 75 kwa pointi 0.21. Miaka mitatu baadaye tafiti 12 za namna hiyo zilikusanywa pamoja, na wastani wa kushuka ukawa pointi 0.07 peke yake. Metformini unayomeza hushusha pointi moja hivi, wakati mwingine zaidi. Ukiziweka tarakimu hizo ubavu kwa ubavu utaona kwa nini sipendi neno "dawa" litumike kwa karanga. Na angalia jambo moja kwenye utafiti wa Toronto: waliofaidika walikula karanga mahali pa keki. Walibadilishana, kama ulivyofanya wewe.

Sasa sukari yako ya asubuhi. Sukari unayoipima kabla ya kunywa chai haikutoka kwenye karanga za jana wala, kwa sehemu kubwa, kwenye ugali wa jana. Inatoka kwenye ini. Usiku kucha ini hutengeneza sukari na kuiachia kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula wakati umelala, na insulini ndiyo inayoliambia lipunguze. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ini halisikii vizuri, linaendelea kumwaga, na alfajiri homoni za kuamsha mwili zinaongeza. Metformini inafanya kazi yake kubwa hapo hapo kwenye ini. Karanga hazina mkono huko. Wamarekani walilijaribu hasa wazo la jirani yako: watu 50 waliokuwa na sukari ya asubuhi iliyopanda kidogo walikula gramu 28 za karanga kila usiku kwa wiki 6, na kwa kipindi kingine wakala vitafunio vya wanga vyenye nishati sawa. Sukari ya asubuhi haikutofautiana.

Kwa hiyo karanga za usiku ziache. Si sumu, lakini hazikupi unachokitafuta, na ni nishati ya ziada wakati unakwenda kulala. Lengo la kawaida la sukari ya asubuhi kwa mtu wa hali yako ni kati ya 4.4 na 7.2 mmol/L. Kama wewe uko kwenye 8 wiki baada ya wiki, hilo ni la kuzungumza na daktari wa kliniki yako: pengine kipimo cha dawa hakitoshi, pengine dozi ya jioni unaisahau siku mbili tatu, pengine unakula usiku sana na kulala papo hapo. Usikae unasubiri karanga zifanye kazi ambayo si yake.

Kuna mahali pamoja ambapo karanga na jamii yake huigusa sukari moja kwa moja, nisije nikaonekana nimewanyima haki. Ni pale zinapoliwa pamoja na wanga au muda mfupi kabla yake. Mafuta na protini hupunguza kasi ya tumbo kumimina chakula kwenye utumbo, na protini husaidia kongosho kutoa insulini, basi sukari ya kwenye mkate au mhogo inaingia kwenye damu taratibu. Hukohuko Toronto waliwapa watu mkate mweupe pamoja na lozi za gramu 30, 60 au 90, na kadiri lozi zilivyoongezeka ndivyo kupanda kwa sukari kulivyopungua. Ni kweli, ila gramu 90 za lozi zina kalori zaidi ya 500, na bei yake hapa kwetu mwalimu wa shule ya msingi anaijua. Kwako somo ni dogo zaidi: siku ukitamani kipande cha mhogo wa kuchemsha saa kumi, chukua kipande kimoja na karanga kiasi pembeni. Usichukue vitatu ukitegemea karanga zitakufichia.

Nije kwa mzee wa nyumbani. Hofu yake ina msingi. Gramu 100 za karanga zina kalori 567, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ukiangalia tarakimu hizo peke yake utategemea kila mla karanga awe mnene. Lakini majaribio mengi yaliyowapa watu karanga, korosho au lozi kila siku kwa wiki au miezi hayakuonyesha uzito kupanda kama hesabu inavyotabiri, na mara nyingi haukupanda kabisa.

Sababu ya kwanza iko kwenye muundo wa mbegu yenyewe. Mafuta ya karanga hayakumwagwa ndani, yamefungwa kwenye vyumba vidogo vidogo vyenye kuta ngumu, kama vibuyu vilivyozibwa. Meno huvunja baadhi. Vinavyobaki vizima hupita tumboni na utumboni, mafuta yakiwa ndani, mpaka chooni. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipopima kile ambacho mwili unakichukua hasa, gramu 28 za lozi ambazo kwenye vitabu zinaandikwa kalori karibu 170 zilionekana kuwapa watu kalori 129. Ukisaga, unavunja vibuyu vyote, mwili unachukua karibu kila kitu. Kwa mtu anayeogopa kunenepa, karanga nzima na siagi ya karanga si kitu kimoja.

Sababu ya pili ni ile unayoiuliza, njaa. Karanga zinashibisha, na zinashibisha kwa muda. Protini na mafuta yakifika kwenye utumbo, utumbo hutoa homoni zinazouambia ubongo kwamba chakula kimeingia na tumbo lisifanye haraka. Huko Brazili wanawake wanene waliokuwa hatarini kupata kisukari walipewa kifungua kinywa pamoja na gramu 42.5 za karanga au za siagi ya karanga. Homoni za shibe zilipanda zaidi kuliko siku waliyokula kifungua kinywa bila karanga, na siagi ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Naam, siagi ileile niliyotoka kuisema. Vibuyu vikivunjwa, mafuta yanafika haraka, ishara ya shibe inakuwa na nguvu, na kalori nazo zinaingia zote. Ndiyo maana siwezi kukuambia aina moja ni bora kwa kila kitu.

Kutafuna nako kuna kazi yake. Kuna jaribio la watu waliopewa gramu 55 za lozi wakaambiwa watafune kila mdomo mara 10, mara 25 au mara 40. Waliofika 40 njaa ilikaa mbali kwa muda mrefu zaidi. Sikuambii uhesabu, utachekwa ofisini na walimu wenzako. Lakini mtu anayemimina karanga nusu kiganja mdomoni huku anasahihisha madaftari hapati shibe anayopata anayekula moja moja.

Basi kwa nini wewe ugali unaula vilevile? Tafiti za shibe zinaonyesha kwamba watu wakila karanga kama kitafunio hupunguza wenyewe, bila kukusudia, zaidi ya nusu ya nishati hiyo kwenye milo inayofuata. Zaidi ya nusu. Mara nyingi si yote. Na hao wanapimwa wakiwa wanajipakulia wenyewe wanavyotaka. Nyumbani kwetu ugali hausongwi kwa kuangalia njaa. Unasongwa kwa sufuria ileile, kwa idadi ileile ya watu, na sahani ya mama inapakuliwa kiasi kilekile cha miaka yote, na kubakiza ni kuharibu chakula. Mwili unaweza kuwa umeshakuambia inatosha kwenye tonge la tano, ila sahani ina matonge kumi. Hapo ndipo mume wako anapata ile nusu yake. Karanga zilizoongezwa juu ya mlo usiobadilika zinanenepesha, hata vibuyu vikiwa vizima.

Kwa hiyo usisubiri hamu ya kula ishuke ndipo upunguze. Punguza kabla ya kukaa mezani. Pakua ugali pungufu kwa robo ya ule uliouzoea, mboga ya majani zaidi, samaki kama kawaida, na uanze na mboga. Kama hiyo mboga ni kisamvu cha karanga au mchicha wa karanga, siku hiyo hesabu karanga za saa kumi kuwa umeshazila, kwa sababu karanga za kusaga kwenye sufuria pamoja na tui la nazi ni nyingi kuliko macho yanavyoona.

Na hilo la kushindwa kuacha. Karanga za kukaanga zenye chumvi, zimemenywa, zimo kwenye karatasi mkononi, hazikupi sababu yoyote ya kusimama mpaka ziishe. Chumvi inaita, na kama presha nayo iko juu, kama ilivyo kwa wengi wenye kisukari, una sababu ya pili ya kuikwepa. Msimu wa karanga mbichi ukifika, za kuchemsha na maganda yake ni rafiki zaidi. Kumenya kunakuchelewesha, maganda yanabaki mezani yanakushtaki, na kwa kuwa zimenyonya maji, kiganja kimoja kina nishati ndogo kuliko kiganja cha zilizokaangwa.

Nje ya msimu fanya hivi. Nunua robo kilo ya karanga zilizomenywa, kaanga mwenyewe bila mafuta na bila chumvi, zikipoa zigawe mafungu manane yaliyo sawa. Kila fungu ni gramu 30 na ushee. Beba fungu moja shuleni, mengine yabaki nyumbani, tena kabatini, si juu ya meza. Yule kijana anayeuza karanga stendi hana lawama, lakini vifungu vyake havina uzito mmoja, na ukikuta ameshakaanga unanunua viwili.

Unapokaanga mwenyewe unapata na nafasi ya kuchambua, jambo ambalo watu wa kisukari wanalisahau kwa sababu wanaangalia sukari tu. Karanga zilizokaa kwenye unyevunyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ileile iliyoua watu kupitia mahindi huko Dodoma na Manyara mwaka 2016, na huko Makueni na Kitui nchini Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo inaharibu ini, na moto wa kukaangia hauimalizi. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, na ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, usimeze kwa adabu.

Korosho. Kula bila wasiwasi, ila si mbadala sawa kwa sawa. Gramu 30 zina wanga wa gramu 8 hivi unaohesabika, mara tatu ya karanga, bado ni kidogo sana ukilinganisha na andazi. Huko Chennai, India, watu 300 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi mawili, moja likala gramu 30 za korosho kila siku kwa wiki 12. Sukari haikupanda wala kushuka, uzito haukubadilika, tarakimu ya juu ya presha ilipungua kidogo na mafuta mazuri ya kwenye damu yakaongezeka. Gramu 30 ni korosho nzima 18 hivi. Ukiletewa za Mtwara, kula siku hiyo badala ya karanga. Kuacha karanga ukanunue korosho kwa bei hiyo, kwa ajili ya sukari, sioni maana. Lozi za dukani vivyo hivyo. Tafiti nyingi zimefanywa kwa lozi kwa sababu wakulima wa lozi wa California wana fedha za kugharamia tafiti, na mkulima wa karanga wa Dodoma hana.

Lakini usichanganye na njugu mawe. Zinaitwa njugu, zinauzwa pamoja, na ni tamu zikipikwa kwa nazi, ila takriban asilimia 60 ya uzito wake mkavu ni wanga. Zihesabu upande wa maharage na ugali. Kashata ni sukari iliyoshikiwa na karanga. Uji wa lishe unaotangazwa kuwa una karanga na soya ni unga laini wa nafaka kwa sehemu kubwa, na unga laini uliopikwa ukawa uji hupandisha sukari haraka. Karanga chache zilizosagwa humo haziuokoi. Siagi ya karanga ya kopo soma nyuma kama wameongeza sukari.

Wewe uko kwenye metformini peke yake, ambayo ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Nayasema haya kwa wasomaji wengine wanaotumia glibenklamidi (kidonge kinachosukuma kongosho litoe insulini) au insulini: msiruke mlo mkajaza pengo kwa karanga, sukari inaweza kuanguka. Na ikianguka, chini ya 3.9, jasho, kutetemeka, usichukue karanga. Mafuta yatachelewesha msaada. Chukua vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15. Mwenye figo zilizoanza kuchoka aulize kwanza kliniki, maana karanga zina potasiamu na fosforasi kwa wingi.

Hukuniambia chai yako ya saa kumi sasa ikoje. Kama karanga zinateremshwa na kikombe chenye vijiko vitatu vya sukari, hiyo ni gramu 12 ya wanga inayokimbia moja kwa moja kwenye damu, na karanga zitasingiziwa. Weka tangawizi, weka mdalasini, sukari toa.

Mwisho, stripu za kupimia sukari ni ghali, lakini tumia nne kwa ajili ya swali hili. Siku moja pima saa kumi kabla ya karanga zako, kisha saa kumi na mbili. Siku nyingine, na nakuruhusu mara hii moja, pima hivyohivyo kwa andazi moja na chai isiyo na sukari. Andika tarakimu zote nne kwenye daftari pamoja na zile za asubuhi za wiki mbili, uende nazo kliniki, na uombe wakupime HbA1c kama haijapimwa ndani ya miezi mitatu.